Kwa nini almasi huvishwa metali kabla ya kuzamishwa ndani ya shaba

ALMASI hupitisha joto mara nne hadi tano zaidi ya shaba. Kwa hivyo, mtu angetarajia kwamba punje za almasi zikitiwa ndani ya shaba, mseto utakaopatikana utapitisha joto kuishinda shaba tupu. Maabara kadhaa zimelijaribu jambo hilo kwa njia iliyo rahisi kabisa: unga wa shaba safi huchanganywa na punje safi za almasi, mchanganyiko ukashindiliwa na kuokwa hadi ukashikana. Matokeo yake yamekuwa ya kukatisha tamaa. Aghalabu mseto huo hupitisha joto chini ya kiwango cha shaba yenyewe, na wakati mwingine hufikia nusu yake tu.

Yaani ghali iliongezwa kwenye rahisi, na rahisi ikaharibika.

Kasoro haimo katika almasi wala haimo katika shaba. Imo pale mahali viwili hivyo vinapokutana. Dawa iliyopatikana ni kuivisha kila punje ya almasi ngozi ya metali ya tatu kabla haijakutana na shaba. Ngozi yenyewe ni nyembamba kupindukia: nyingi za zile zinazofaa huwa na unene wa nanomita mia moja hadi mia chache, nanomita moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Ngozi ya nanomita 100 ingelazimu kupangwa mara 700 hivi ili ifikie unene wa unywele mmoja wa binadamu. Hata hivyo, ni ngozi hiyo inayoamua iwapo almasi itaisaidia shaba au itaizuia.

Joto lisilo na pa kwenda

Haja ya mseto huu imetokana na vifaa vya elektroniki. Chipu za tarakilishi, vikuza mawimbi vya rada na vya minara ya simu, setilaiti na mitambo ya leza vyote hugeuza sehemu ya umeme vinaotumia kuwa joto. Kadiri vifaa hivyo vinavyozidi kuwa vidogo na vyenye nguvu, ndivyo joto linavyozidi kusongamana katika eneo dogo. Katika baadhi ya chipu za leza na za mawimbi ya redio, eneo lisilozidi ukucha wa kidole hutoa mamia ya wati. Joto hilo lisipoondolewa upesi, chipu hupunguza kazi, huchakaa kabla ya wakati wake, au huungua.

Kwa kawaida chipu hubandikwa juu ya kibamba cha metali ambacho kazi yake ni kulipokea joto, kulitawanya katika eneo pana zaidi na kulikabidhi kwa kipozaji, kiwe ni mapezi yanayopulizwa na feni au mifereji ya maji. Shaba ndiyo imekuwa chaguo la kwanza kwa miaka mingi. Kipimo chake cha kupitisha joto ni takriban wati 400 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kwa ufupi, katika makala haya kipimo hicho kitaitwa wati 400. Alumini ina wati 237, fedha wati 429, na silikoni, ambayo chipu nyingi hutengenezwa kwayo, wati 150 hivi.

Lakini shaba ina ila moja kubwa. Ikipashwa joto, hutanuka sana. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hurefuka sehemu 17 kwa kila milioni, ilhali silikoni hurefuka chini ya sehemu 3, na galiamu naitraidi inayotumika katika vikuza mawimbi vya kisasa hurefuka kati ya sehemu 5 na 6. Chipu iliyolehemiwa moja kwa moja juu ya shaba basi huvutwa na kuachiliwa kila mara kifaa kinapowashwa na kuzimwa. Baada ya mizunguko mingi, lehemu hupasuka, au chipu yenyewe ikavunjika.

Wahandisi waliikwepa ila hiyo kwa kuichanganya shaba na tangsteni au molibdenamu, metali ambazo hazitanuki sana. Utulivu ulipatikana, lakini kwa gharama: michanganyiko hiyo kwa kawaida hupitisha joto kwa wati 200 hivi, yaani nusu ya shaba.

Almasi huahidi mambo yote mawili kwa pamoja. Hurefuka sehemu moja tu hivi kwa milioni, na almasi safi ya asili huweza kufikia wati 2,000 na zaidi. Punje za almasi zinazotengenezwa viwandani, ambazo huwa na naitrojeni kidogo ndani yake, hupungua hapo, lakini zilizo bora hufikia wati 1,500 au karibu na hapo. Isitoshe, almasi ni nyepesi. Mseto ulio na asilimia 60 ya almasi kwa ujazo una uzani wa gramu 5.7 hivi kwa kila sentimita mchemraba, shaba ikiwa na gramu karibu 9. Kwa setilaiti, ambayo kila gramu yake hulipiwa nauli ya roketi, hilo si jambo dogo.

Mpakani ndipo penye foleni

Ili kufahamu kinachoharibika, ni lazima kutazama jinsi joto linavyosafiri. Katika shaba, joto hubebwa na elektroni zinazozurura huru baina ya atomi, zile zile zinazobeba umeme. Katika almasi hakuna elektroni huru. Joto husafiri kwa njia ya mitetemo: atomi moja ya kaboni hutikisika, nayo huitikisa jirani yake, na kwa kuwa atomi hizo ni nyepesi na zimefungamana kwa nguvu ajabu, mtikiso hupita kwa kasi. Sauti husafiri ndani ya almasi kilomita 18 hivi kwa sekunde. Ndani ya shaba haifiki kilomita 5.

Sasa mitetemo ya almasi inapofika mpakani, inakutana na atomi za shaba zilizo nzito zaidi ya mara tano na zinazofungamana kwa ulegevu. Atomi hizo haziwezi kutikisika kwa kasi ile. Sehemu kubwa ya mitetemo hugonga na kurudi ilikotoka. Ukinzani wa namna hii mpakani ulitambuliwa mwaka wa 1941 na mwanafizikia Mrusi Pyotr Kapitza, alipokuwa akichunguza jinsi joto linavyovuka kutoka kwa kitu kigumu hadi ndani ya heliamu ya majimaji. Unapatikana popote vitu viwili tofauti vinapogusana, hata kama vimegusana barabara.

Shaba na almasi hata kugusana barabara hazigusani. Shaba haitengenezi kampaundi na kaboni, na hata ikiyeyushwa haiimezi kaboni isipokuwa kwa kiasi kidogo kisichofaa kutajwa. Tone la shaba iliyoyeyuka likiwekwa juu ya almasi hujikunja likawa duara, mfano wa tone la maji juu ya jani la nduma. Haliloweshi, halienei. Likipoa na kuganda, hubaki nyufa na mianya ya hewa baina ya viwili hivyo, na hewa ni miongoni mwa vipitishi vibovu kabisa vya joto.

Msafiri wa Pwani anaijua hali hii. Barabara inaweza kupanuliwa upande wa kisiwani Mombasa na upande wa kusini, lakini maadamu magari yote yanangoja feri pale Likoni, upana wa barabara hausaidii kitu. Kinachohesabika ni kivuko.

Jambo hili hutegemea pia ukubwa wa punje. Punje zikiwa ndogo, joto hulazimika kuvuka mipaka mingi zaidi katika kila milimita ya safari yake. Mwaka wa 1987, wanasayansi Hasselman na Johnson walitoa fomula inayohesabu athari hiyo, na hadi leo ndiyo inayotumika mara nyingi kukadiria uwezo wa misseto ya aina hii. Mathalani, ichukuliwe almasi ya wati 1,500 na mpaka unaopitisha wati milioni 50 kwa kila mita mraba kwa kila nyuzi, kiwango ambacho ni cha wastani. Punje yenye kipenyo cha maikromita 100 itafanya kazi kana kwamba ni ya wati 940 hivi. Punje ya maikromita 10, kwa mpaka ule ule, itafanya kazi kana kwamba ni ya wati 215 tu. Hiyo ya pili inashindwa na shaba iliyoizunguka. Mtu aliyenunua unga laini wa almasi akidhani ulaini utasaidia atakuwa amelipa ili ajiharibie.

Ngozi ya kwanza mashuhuri

Wazo la kuzivisha punje halikuanza jana. Watengenezaji wa mawe ya kunolea na kusagia walikuwa wakizivisha almasi nikeli tangu karne iliyopita ili zisichomoke upesi katika gundi inayozishika. Nia yao ilikuwa mshiko, wala si joto.

Katika upande wa joto, mfano unaotajwa zaidi ni ule wa katikati ya miaka ya 1990, wakati maabara ya taifa ya Lawrence Livermore huko California, Marekani, ikishirikiana na kampuni ya tarakilishi ya Sun Microsystems, ilipotengeneza mseto ulioitwa Dymalloy. Punje za almasi zilivishwa kwanza ngozi ya tangsteni iliyotiwa reniamu, kisha juu yake ngozi ya pili ya shaba. Zikishapangwa ndani ya kalibu, zilimiminiwa mchanganyiko wa fedha na shaba ulioyeyushwa, ukapenya katika nafasi zote baina ya punje.

Mgawanyo wa kazi katika ngozi hizo mbili ndio unaofaa kuangaliwa. Tangsteni iligeukia ndani, ikashikana na kaboni ya almasi. Shaba iligeukia nje, ikaipa metali iliyoyeyuka mahali inapopazoea pa kulowesha. Kila ngozi ilimtazama jirani yake.

Dymalloy ilipitisha wati 420, yaani kidogo tu kuliko shaba. Aliyeitarajia miujiza ya almasi angevunjika moyo. Hata hivyo, kiwango chake cha kutanuka kilikuwa sehemu 5 na nusu hivi kwa milioni, karibu theluthi ya kile cha shaba, na hilo ndilo lililokuwa likitafutwa: kibamba kinachopitisha joto kama shaba lakini kisichoivunja chipu.

Metali gani ifaayo?

Metali inayotakiwa ni lazima iwe na tabia ya kufungamana na kaboni ikatoa kampaundi iitwayo kabidi. Kabidi hukaa baina ya tabia mbili. Atomi zake hufungamana kwa nguvu kuliko za shaba ingawa si kwa nguvu ya almasi, hivyo mitetemo ya almasi hupata mahali pa kuteremkia badala ya kugonga ukuta. Aidha shaba iliyoyeyuka huilowesha kabidi au metali iliyo juu yake vizuri zaidi kuliko inavyoilowesha almasi tupu, na mianya ya hewa ikatoweka.

Metali zenye sifa hiyo ni kromiamu, titaniamu, tangsteni, molibdenamu na zirkoniamu. Boroni, ambayo si metali halisi, huingizwa katika kundi hilo kwa kuwa nayo hutoa kabidi. Nikeli na kobalti hazimo. Zinapopashwa moto mkali zikigusana na almasi, huichochea igeuke kuwa grafiti, ile kaboni nyeusi ya kalamu za risasi, na tabaka la grafiti likishajitokeza mpakani, faida yote hupotea. Ndiyo maana mtu anayeona mfuko wa almasi zilizovishwa nikeli kwa ajili ya mawe ya kusagia hapaswi kudhani kwamba zitafaa katika shaba ya kupoza chipu.

Lakini kabidi zenyewe ni vipitishi vibaya vya joto. Ya kromiamu ina wati 20 hivi, ya molibdenamu na ya zirkoniamu ziko papo hapo au zaidi kidogo. Ya tangsteni ndiyo iliyojitenga na nyingine, kwani huvuka wati 100. Kwa sababu hiyo unene wa ngozi si suala la kubahatisha, na hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari yake.

Chukua tena punje ya maikromita 100 yenye wati 1,500, iliyovishwa kabidi ya kromiamu ya wati 20. Ngozi ya unene wa maikromita moja, yaani nanomita 1,000, huzuia joto sawasawa na maikromita 75 za almasi. Joto huivuka ngozi hiyo mara mbili, likiingia na likitoka. Kwa hivyo punje ya maikromita 100 hufanya kazi kana kwamba ina urefu wa 250, na wati zake 1,500 hushuka zikawa 600. Ngozi ikipunguzwa hadi nanomita 100, punje hubaki na wati 1,300. Ikiachwa inenepe hadi maikromita tatu, hubaki na wati 270 hivi, na mseto unarudi chini ya shaba. Hesabu hii imehusisha ngozi pekee, bila ukinzani wa mipaka yake miwili, kwa hivyo katika hali halisi mambo huwa mabaya zaidi ya hapo.

Nyembamba mno nayo haifai. Ngozi ya nanomita chache aghalabu huacha mapengo, hasa penye kingo na pembe za fuwele, na popote penye pengo shaba huikuta almasi ikiwa uchi. Kazi yote ya wavishaji basi ni kuitafuta ile nafasi finyu kati ya ngozi iliyotoboka na ngozi iliyonenepa.

Kuna kigezo cha tatu ambacho husahaulika mara nyingi: metali ya ngozi inapovuja na kuingia ndani ya shaba, hufanya nini? Titaniamu hushika almasi vyema na huvishwa kwa urahisi, lakini ikiyeyuka ndani ya shaba, hata kwa asilimia moja tu, hukata uwezo wa shaba kupitisha joto kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa atomi zake huzitawanya elektroni. Kromiamu inavumilika kwa sababu karibu yote hujitenga na shaba inapopoa. Tangsteni na molibdenamu haziyeyuki ndani ya shaba hata kidogo cha kuhesabika. Ukiunganisha vigezo vyote vitatu, ni vigumu kutoipa tangsteni nafasi ya kwanza, japo viwanda vingi bado huipenda kromiamu na titaniamu kwa vile uvishaji wake ni rahisi.

Watafiti wa Taasisi ya Ioffe mjini St Petersburg, Urusi, ndio walioitetea tangsteni kwa matokeo yanayoonekana. Mwaka wa 2012, Abyzov, Kidalov na Shakhov walieleza mseto wa almasi zilizovishwa tangsteni na kupenyezwa shaba ambao ulipitisha zaidi ya wati 900, yaani zaidi ya mara mbili ya shaba tupu.

Namna ya kuvisha

Kuipaka punje isiyoonekana vizuri kwa macho, na kuipaka pande zote kwa unene ulio sawa, si kazi ya brashi. Njia zinazotumika ni kadhaa.

Moja hufanyika ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Bamba la metali hupigwa na ayoni za gesi ya argoni, atomi za metali zikang'oka na kuwaangukia wote walio mbele yake. Njia hii hutoa ngozi safi ambayo unene wake hudhibitiwa kwa nanomita. Tatizo ni kwamba atomi husafiri kwa mstari ulionyooka, na punje iliyolala hupata metali mgongoni tu. Kwa hivyo ni sharti chombo kitikiswe au kizungushwe muda wote, kama apetaye nafaka kwenye ungo, na kiasi kinachovishwa kwa mkupuo mmoja ni kidogo. Mitambo yenyewe ni ghali.

Njia ya pili inashangaza kwa urahisi wake. Chumvi ya kawaida ya mezani huchanganywa na kloridi ya potasiamu, nazo kwa pamoja huyeyuka zikifika nyuzi 660 hivi za selsiasi. Punje za almasi na unga wa kromiamu, titaniamu, molibdenamu au tangsteni hutiwa humo, chungu kikapashwa hadi kati ya nyuzi 800 na 1,100 bila kuruhusu hewa kuingia. Metali huyeyuka kidogo kidogo ndani ya chumvi, husafiri hadi kwenye almasi na kufungamana nayo papo hapo ikawa kabidi. Baada ya muda chungu hupozwa na chumvi ikaoshwa kwa maji ya moto. Kwa kuwa punje huoga pande zote, ngozi huenea sawasawa. Uzito wa ngozi hutegemea moto na muda, na hapo ndipo mafundi hukosea: saa moja ya ziada yaweza kuzaa ngozi nene isiyotakikana.

Tangsteni pia huvishwa kwa kuzizika punje ndani ya unga wa oksidi yake na kuzipasha moto. Oksidi hugeuka mvuke, hufika kwenye almasi, na kaboni ya almasi huinyang'anya oksijeni na kuacha metali na kabidi. Almasi hupoteza kaboni kidogo, hasara inayokubalika. Ama njia ya kuchovya katika majimaji yenye kemikali, inayotumika kupaka shaba au nikeli bila umeme, hiyo ni ya bei nafuu lakini huacha ngozi iliyolalia tu juu ya almasi bila kufungamana nayo. Inafaa kama vazi la nje, juu ya tangsteni au kromiamu.

Katika njia zote, hewa ni adui. Almasi ni kaboni, na kaboni huungua. Ikiwa penye oksijeni, almasi huanza kuliwa ikifika nyuzi 700 au 800 hivi, ilhali shaba haiyeyuki hadi nyuzi 1,085. Ngozi ya metali basi huwa pia ni kinga ya almasi safarini.

Ngozi au kitoweo?

Wapo wanaoona kuvisha ni usumbufu. Hoja yao ni kwamba metali ya tatu inaweza kuyeyushwa ndani ya shaba kama kitoweo, na yenyewe itaitafuta almasi na kujivisha. Weber na Tavangar wa Lausanne, Uswisi, walionyesha mwaka wa 2007 kwamba shaba iliyotiwa kiasi kidogo cha kromiamu au boroni hupandisha sana uwezo wa mseto, na kwamba kiasi kikizidi uwezo huo huanza kushuka tena. Mwaka wa 2015 watafiti wa China waliitumia zirkoniamu kwa mtindo huo huo, wakapenyeza shaba kwa shinikizo la gesi, na kuripoti wati 930.

Kuna hata waliokataa metali ya tatu kabisa. Mwaka wa 2004, Yoshida na Morigami wa kampuni ya Sumitomo Electric ya Japani walieleza mseto wa wati 742 uliotengenezwa kwa shinikizo kubwa mno, mara 45,000 hivi ya lile la hewa tunayovuta. Chini ya nguvu hiyo shaba haina hiari ila kuigusa almasi. Lakini mashine zinazotoa shinikizo kama hilo hubeba vipande vidogo tu, na haziendeshwi kwa bei ya kibamba cha kawaida.

Kitoweo ni rahisi kuliko ngozi, hilo halina ubishi. Udhaifu wake ni kwamba sehemu ya metali isiyoifikia almasi hubaki ndani ya shaba ikiichafua, na fundi hana uwezo wa kuichagua ngozi kabla ya kuyeyusha. Aliyezivisha punje kwanza anaweza kuzipima, kuzitazama chini ya hadubini na kuzitupa zilizoharibika kabla ya kupoteza shaba na moto. Kwa kiwanda kinachotaka kila kibamba kifanane na mwenzake, faida hiyo yastahili usumbufu.

Mseto wa kitoweo umefika hata katika kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva. Huko, mseto wenye asilimia 60 ya almasi, 39 ya shaba na 1 ya boroni ulichunguzwa kwa ajili ya taya zinazobana miali ya chembe ndani ya mtambo mkuu, mahali ambapo mwali ukipotea njia huweza kuyeyusha metali ya kawaida kwa kufumba na kufumbua.

Tahadhari kuhusu vipimo

Msomaji wa ripoti za fani hii atakuta tarakimu zinazoshindana kwenda juu. Ni vyema azipokee kwa hadhari. Nyingi hupimwa kwa kipande kidogo cha duara, kwa mbinu iliyobuniwa Marekani mwaka wa 1961: upande mmoja humulikwa kwa mwanga wa ghafla na upande wa pili hupimwa jinsi unavyopata joto. Kipande kimoja kilichotengenezwa kwa uangalifu si sawa na maelfu yanayotoka kiwandani.

Aidha kipimo cha siku ya kwanza hakitoshi. Almasi haitanuki na shaba inatanuka, hivyo kila kifaa kinapopata moto na kupoa, ngozi iliyo kati yao huvutwa. Jaribio la haki ni lile linalokipasha na kukipoza kibamba mamia ya mara, kwa kawaida kutoka nyuzi 55 chini ya sufuri hadi 125 juu yake, kisha kukipima upya. Ngozi iliyolalia tu hubanduka hapo. Ngozi iliyofungamana kwa kabidi hustahimili zaidi, ingawa kabidi ni kavu na ikiwa nene hupasuka.

Halafu kuna kukata. Hakuna msumeno wa kawaida unaoweza kupitia kipande kilichojaa almasi. Viwanda hulazimika kukimimina kibamba kikiwa karibu na umbo lake la mwisho, au kukikata kwa leza na kwa cheche za umeme. Uso wake hubaki na punje zilizochomoza, ilhali chipu huhitaji uso laini. Kwa sababu hiyo hufunikwa tabaka la shaba tupu, likasuguliwa, kisha likapakwa nikeli na dhahabu ili lehemu ishike. Kazi hizo huongeza bei kuliko almasi zenyewe, ambazo siku hizi si ghali kama jina lake linavyodokeza.

Almasi hizo hazichimbwi. Tangu kampuni ya General Electric ya Marekani ilipotangaza mwaka wa 1955 kwamba imefaulu kutengeneza almasi, viwanda vimeendelea kuiacha ile ya ardhini, na leo karibu almasi yote ya viwandani hutengenezwa kwa mashine, sehemu kubwa ikitoka mkoa wa Henan nchini China. Waliokuwa wakiuza almasi duni za kusagia kutoka Mbuji-Mayi, katika eneo la Kasai nchini Kongo, wamelipoteza soko hilo kwa kiasi kikubwa. Shaba ingali yachimbwa, na Kongo hiyo hiyo ni miongoni mwa wazalishaji wake wakuu duniani kupitia migodi ya Kolwezi na Likasi, katika lililokuwa jimbo la Waswahili wa Katanga ambalo kuanzia 1971 hadi 1997 liliitwa Shaba. Kutoka huko metali hiyo huondoka ikiwa mabamba mapana yaliyosafishwa, na hukutana na tangsteni na almasi mbali sana na mgodi wake.